Theluji imeyeyuka Columbus: je, nianze kulima sasa?

Swali: Mtaalamu, salamu. Mimi ni mama kutoka Bukavu, sasa tunaishi Columbus, Ohio, na nyuma ya nyumba tuna kiwanja cha kulima. Huu ni mwisho wa Februari, theluji imeyeyuka na jua linawaka. Nianze kupiga jembe? Mwaka jana nilisia lengalenga mwezi wa nne, hazikuota. Jirani ananiambia nimwage majivu ya kuni, eti yanarutubisha. Tena mdogo wangu anataka kuniletea mbegu za mahindi ya nyumbani. Unanishauri nini?

Jibu: Asante mama. Jembe liache kwanza. Jua la Februari linapasha hewa tu, udongo bado haujapata habari. Sehemu kubwa ya Columbus ni mfinyanzi mzito, na theluji ikiyeyuka maji hujaa ndani yake, hasa pale ambapo chini bado pameganda. Ukiulima ukiwa hivyo, au hata ukiukanyagakanyaga, matundu yanayopitisha hewa na maji hufungana. Ukija kukauka unakuwa mabonge ambayo mizizi ya mboga haiwezi kupenya, na hasara hiyo utaibeba msimu mzima.

Kipimo ni mkono wako. Chimbua udongo wa kina cha kiganja, ufumbate, kisha usukume bonge kwa kidole gumba. Likisambaratika kuwa makombo, lima. Likishikana na kung'aa, subiri siku kadhaa ujaribu tena. Matuta yaliyoinuliwa hukauka mapema kuliko ardhi tambarare, ndiyo maana nayapenda sana kwa udongo kama wako.

Wakati unasubiri, peleka udongo ukapimwe. Hili naliomba kwa msisitizo. Chuo Kikuu cha Ohio State kina huduma ya ugani, yaani ushauri kwa wakulima, inayofikia kaunti zote 88 za jimbo. Waulize namna ya kuchukua sampuli na maabara ya kuipeleka. Omba wapime uchachu, yaani pH, na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978, kwa hiyo nyumba iliyojengwa kabla ya hapo huenda imemwaga vumbi na magamba ya rangi kandokando ya kuta kwa miaka mingi. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto, na mboga za majani ziotazo chini hubeba vumbi hilo hadi jikoni. Majibu yakionyesha risasi nyingi, usilime humo: tengeneza matuta ya mbao, ujaze udongo safi ulionunua, na ardhi inayobaki ifunike kwa nyasi au vipande vya miti watoto wasicheze kwenye vumbi.

Majivu nayo yasubiri majibu hayo. Kule Bukavu udongo mwingi ni mchachu, na majivu yanasaidia kweli kwa sababu yanapunguza uchachu. Ohio ya kati na magharibi imelala juu ya mawe ya chokaa, hivyo udongo wako huenda hauhitaji kabisa. Ukizidisha, mimea inashindwa kunyonya chuma na majani yanageuka manjano. Mboji iliyooza vizuri haina hatari hiyo. Samadi mbichi usiiweke sasa. Mboga zinazogusa udongo zinahitaji angalau siku 120, yaani karibu miezi minne, kati ya samadi mbichi na kuvuna, na mboga za mwanzo utazivuna kabla ya muda huo kwisha.

Sasa lengalenga. Sidhani mbegu zako zilikuwa mbovu. Lengalenga, ambayo wengine tunaiita mchicha, inataka udongo wa nyuzi 18 za Selsiasi au zaidi, ambazo ni kama 65 kwenye vipimajoto vya huko. Mwezi wa nne bado ni baridi, mbegu inalala au inaoza. Nunua kipimajoto cha udongo, kichomeke asubuhi, na usisie kabla ya nusu ya pili ya Mei. Kunde, bamia na matembele vivyo hivyo. Jalidi, ile barafu nyembamba ya alfajiri, inaweza kupiga hata mwanzoni mwa Mei na kuua miche yote kwa usiku mmoja.

Lakini usikae bure hadi Mei. Sukuma wiki, vitunguu na njegere vinavumilia baridi, uvipande mara udongo unapokubali kulimika, kwa kawaida mwishoni mwa Machi au Aprili. Nyanya chungu na pilipili zisie ndani ya nyumba katikati ya Machi, nyanya wiki mbili baadaye. Mwanga wa dirishani hautoshi, miche itarefuka na kuwa dhaifu. Tundika taa sentimita chache juu yake, iwake saa 14 hadi 16 kwa siku. Kabla ya kuihamishia nje, izoeshe wiki nzima: saa moja kivulini siku ya kwanza, kisha ongeza kidogo kidogo.

Kuhusu mahindi, mwambie mdogo wako asihangaike. Kuingiza mbegu Marekani kuna masharti ya karantini, na zikikamatwa uwanja wa ndege zitatupwa. Hata zikipita, mbegu za Kivu zimezoea mchana wa saa 12, na Juni ya Columbus ina mchana wa saa 15. Aina nyingi za tropiki zikiona mchana mrefu hivyo hurefuka tu zikichelewa kutoa mbelewele, yaani maua ya kileleni, na baridi inazikuta hazijakomaa. Tafuta mbegu ya mahindi meupe inayouzwa hukohuko, inayokomaa kwa siku zisizozidi 110, uipande katikati ya Mei.