Viwanja vimeisha, uwanja wa watoto uko wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nina kiwanja kilichopimwa huku pembezoni mwa Dar es Salaam, mwaka wa 12 sasa. Kwenye mkutano wa mtaa tumeambiwa mpango wa eneo letu umefanikiwa, kwa sababu viwanja vyote vimeuzwa. Lakini palipochorwa uwanja wa watoto, leo panaoshwa magari. Hayo ndiyo mafanikio?
Mama wa watatu, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Viwanja Dar havijawahi kudoda, hata pabaya panauzwa. Mpango hupimwa kwa miguu.

Niliwahi kurudi kwenye mtaa nilioupima mwenyewe. Bikoni ya kona, ile nguzo fupi ya zege ya kuonyesha mpaka wa kiwanja, niliikuta kwa mama lishe: ndiyo figa lake la tatu, namba bado inasomeka chini ya masizi. Barabara niliyoiacha na mita 12, nilihesabu hatua saba nikagota ukuta wa mtu. Nikala wali maharage, nikaondoka.

Kwa hiyo tafuteni nakala ya mchoro ulioidhinishwa, mtembee nayo. Kila shule, zahanati, njia na eneo la wazi: lipo, halipo, au limegeuzwa? Andikeni na maji yalifika miaka mingapi baada ya nyumba ya kwanza. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza 2002, ulituletea mitaa iliyonyooka kama Kibada na Tuangoma, ila wengi walihamia na madumu.

Ulizeni pia umri wa mpango. Mpango kabambe wa Dar, yaani mpango mkuu wa jiji zima, wa 1979 ulikuwa wa miaka 20. Uliofuata ni wa 2016 hadi 2036! Hapo katikati, sensa ya 2002 ilikuta watu milioni 2.5, ya 2012 milioni 4.4, na wengi wao walijenga kwa kuandikishana mbele ya mjumbe tu. Mpango uliochelewa hivyo hauwezi kusifiwa kwa kuuza viwanja.

Hao waosha magari msiwafukuze, nao wanatafuta riziki. Kubadilisha matumizi ya ardhi kuna utaratibu, na wakazi hutangaziwa ili mwenye pingamizi aseme. Ulizeni tangazo lilibandikwa lini na wapi. Ulizeni kwa barua, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, na itunzwe na mtu mwenye nyumba yake, siyo mpangaji anayeweza kuhama.