Maswali na Majibu: Diski Imejaa, Nifute Nini?

SWALI: Nina stesheneri. Wateja wanaleta kazi kwa flashi, wengine wananitumia kwa WhatsApp, nami nazifungua kwenye kompyuta ya Windows 10 yenye diski ya GB 128. Sasa diski C imekuwa nyekundu, zimebaki GB 2. Folda ya Downloads ina CV (1), CV (2), mpaka CV (14). Nikifuta zote zenye mabano kuna ubaya?
*Mwenye stesheneri, Morogoro*

JIBU: Ubaya upo. Namba ile ya kwenye mabano inawekwa na kivinjari kinapokuta jina hilo limeshatumika ndani ya folda. Hakiangalii faili lina nini. Kwa kazi yako, CV (3) huenda ni ya mteja mwingine kabisa ambaye naye aliipa yake jina "CV", kama wanavyofanya karibu wote.

Anza na ukubwa. Mafaili mawili yenye idadi tofauti ya baiti si pacha. Yakilingana, ingia kwenye folda hiyo, andika cmd kwenye upau wa anwani ulio juu, bonyeza Enter, kisha andika:

certutil -hashfile "CV (1).pdf" SHA256

Utapewa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Rudia kwa faili la pili. Mifuatano ikifanana yote, yaliyomo ni yale yale, futa moja. Ikitofautiana hata herufi moja, acha.

Yakiwa mamia, tumia dupeGuru, programu ya bure. Chagua "Standard" na "Contents" ili ilinganishe yaliyomo badala ya majina. Iongezee folda za Downloads, Documents na Pictures tu. Usiipe diski C nzima: Windows na programu zake huweka nakala za faili moja sehemu kadhaa kwa makusudi, na ukiifuta moja, programu iliyoitegemea haifunguki. Folda unayotunzia kazi halisi iwekee hali ya "Reference", haitaguswa. Picha za WhatsApp hazitanaswa kwa njia hii, kwa kuwa zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa, baiti zikabadilika. Kwa hizo kuna "Picture", inayotazama mfanano. Hapo kagua kwa macho, maana picha mbili za pasipoti zilizopigwa kwa kufuatana nazo huonekana pacha.

Lakini tuseme ukweli, CV hazijaijaza diski hiyo. CV 1,000 za KB 200 kila moja hazifiki hata robo ya GB. Mlaji mkubwa yuko kwingine. Fungua "Settings", "System", "Storage", kisha "Temporary files". Ukikuta mabaki ya toleo la zamani la Windows, weka tiki. Hayo peke yake huweza kuwa GB nyingi, ingawa ukishayafuta huwezi kulirudia toleo hilo. Angalia sana: kwenye orodha hiyo hiyo imo "Downloads". Ukiiwekea tiki, kazi zote za wateja zinaondoka bila kupitia Recycle Bin.

Halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %temp%, futa vilivyomo. Vinavyogoma vinatumika wakati huo, bofya "Skip". Unachofuta kwa kawaida kwenye diski C hakirudishi nafasi mpaka umwage Recycle Bin. Pacha wa kazi za wateja waache humo wiki moja kabla ya kumwaga.

SWALI: Nilifuta picha kwenye kompyuta ili kupunguza mzigo, nikijua nakala ziko OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Sasa hata kwenye simu hazipo!
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: OneDrive inalinganisha pande zote mbili: ukifuta huku, inafuta na kule. Ingia kwenye tovuti yake, fungua Recycle Bin ya huko, uzirejeshe. Kwa akaunti ya binafsi hukaa siku 30 tu, kwa hiyo fanya leo. Siku nyingine bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Free up space". Picha zitabaki mtandaoni, na kwenye kompyuta utaona alama ya wingu.