Lenzi za kulala nazo kwa mtoto asiyeona mbali: yaliyotukuta kwa miaka mitatu

Dada yangu, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema binti yako ana miaka tisa, namba ya miwani imetoka -1.50 hadi -2.50 ndani ya mwaka mmoja, daktari amekutajia lenzi za kuvaa usiku, na unaogopa kumlaza mtoto na kitu ndani ya jicho. Hofu hiyo naijua. Mwanangu alianza akiwa na umri huohuo, na namba -2.75. Sasa ana miaka kumi na miwili na bado anazivaa.

Mtoto asiyeona mbali, mara nyingi jicho lake limerefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma, hivyo taswira inaangukia mbele ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea taswira, badala ya juu yake. Miwani ya kawaida hurudisha taswira mahali pake, lakini jicho linaendelea kurefuka. Lenzi hizi ni ngumu na zinapitisha oksijeni. Mtoto akilala, zinaibadilisha taratibu konea, kile kioo cha mbele cha jicho, mpaka katikati yake inakuwa bapa kidogo. Asubuhi anazitoa na kushinda bila miwani. Akiziacha, konea inarudi ilivyokuwa baada ya siku au wiki chache.

Wengi huvutiwa na kuona bila miwani. Mimi nilikubali kwa sababu ya kasi ya kurefuka. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa 2012 ulifuatilia watoto walioanza wakiwa na miaka 6 hadi 10. Baada ya miaka miwili, macho ya waliovaa miwani yalikuwa yamerefuka kwa wastani wa milimita 0.63, na ya waliovaa lenzi za usiku milimita 0.36. Kasi imepungua, haijasimama. Ukiahidiwa kwamba jicho halitarefuka tena kabisa, tafuta daktari mwingine.

Kliniki yetu ya kwanza ilitupotezea mwaka mzima. Kila tukienda walipima namba, wakasema "sifuri, hongera," tukarudi nyumbani tunafurahi. Namba lazima iwe karibu na sifuri, kwa kuwa konea imebanwa na lenzi usiku kucha! Haikuambii lolote kuhusu kinachotokea nyuma. Daktari wa pili ndiye aliyempima urefu wa jicho, kwa mashine isiyogusa jicho kabisa: milimita 24.31. Mwaka uliofuata 24.47, na sasa 24.58. Karatasi hiyo naitunza kama cheti cha kuzaliwa. Binti yako apimwe urefu kabla hajavaa lenzi hata usiku mmoja, halafu kila baada ya miezi sita.

Usiku wa kwanza alitoa machozi, akasema anahisi kama kope imeingia jichoni. Akifumba macho, hali hiyo inapungua. Asubuhi alikwenda dirishani akaanza kunisomea bango la ng'ambo ya barabara, neno kwa neno, na mimi nikabaki nimeshika kile kikopo cha lenzi nalia. Siku za mwanzo uoni unafifia ikifika jioni, kwa hiyo usishtuke. Kwetu ulitulia baada ya kama siku kumi. Usiku bado anaona duara la mwanga kuzunguka taa.

Sasa lile unaloliogopa, nalo lina sababu. Mwaka wa pili, ndugu yangu aliyekuja kututembelea aliona kikopo cha lenzi kina ukungu, akakisuuza kwa maji ya bomba. Kwa nia njema kabisa. Siku mbili baadaye mwanangu aliamka jicho jekundu, analificha na mwanga kwa kiganja. Hatukusubiri. Daktari alimwekea rangi ya njano jichoni akaona mchubuko kwenye konea, akampa matone ya dawa na kumzuia lenzi kwa wiki mbili. Tulipona. Lakini ndani ya maji ya bomba anaweza kuwemo amiba anayeitwa akanthamiba, na huyo akiingia kwenye konea anaweza kuharibu uoni moja kwa moja. Makadirio yaliyotolewa Marekani 2013 yanasema maambukizi makali ya konea huwapata watoto kama 14 kwa kila 10,000 wanaovaa lenzi hizi kwa mwaka. Ni wachache, ila jicho ni la mwanao.

Kwa hiyo kwetu maji hayagusi lenzi wala kikopo. Mikono inaoshwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa, lenzi zinasuguliwa kwa dawa yake, kikopo kinabadilishwa kila mwezi. Mtoto akiwa na mafua makali au jicho limewasha tu, usiku huo halali nazo. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likikimbia mwanga, ni kwa daktari siku hiyohiyo.

Jingine: asubuhi lenzi huweza kunata. Usiivute! Mara ya kwanza nilikaribia kuing'oa kwa kile kifyonzeo cha mpira cha kutolea lenzi, na ningemjeruhi. Weka matone, asubiri dakika kadhaa akipepesa, kisha bonyeza taratibu ukingo wa kope ya chini mpaka uione lenzi inacheza. Ndipo uitoe.

Kama nyumbani kwenu usiku ni wa haraka haraka na hakuna mtu mzima wa kusimamia haya kila siku, mweleze daktari wazi. Kuna matone ya atropini hafifu, kuna miwani maalumu ya kupunguza kasi. Na kwa njia yoyote mtakayochagua, mtoe nje mchana, saa mbili hivi kwa siku ukiweza.

Ukishapata kipimo cha urefu, kiandike hapa tukiangalie pamoja.