Uliloniuliza juu ya sahani ya Hamad

Wete, Pemba

Mwanangu Salma,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo. Magoti ya mama yako ni yale yale na dawa hataki, na mlango wa uani bado haujatengenezwa, kwa hiyo usiulize. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mama yako kacheka sana pale uliposema Hamad tonge moja analitafuna tangu adhana mpaka iqama.

Unauliza umlazimishe amalize kilichomo sahanini au umwache. Nesi wa kliniki kakwambia akishiba umwache, simu izimwe wakati wa kula, mtoto ale taratibu akikiangalia anachokula, na kabla ya kuanza kila mmoja wenu ataje neema moja ya siku ile. Mume wako anasema mtoto anayebakisha wali hajui kushukuru. Na wewe umesimama katikati, mwiko mkononi.

La nesi kwanza. Hakusema baya, ila hakusema jipya. Bismillahi, mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako; theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi. Haya uliyasoma chuoni, kwenye Kurani, kabla hujang'oka meno ya utoto. Anasema tumbo huchukua kama dakika 20 kuupa ubongo khabari kwamba limeshiba. Sawa. Sisi tulikuwa watu sita kwenye sinia moja. Baada ya dakika 20 ungelikuta sinia limeshaoshwa na kuegemezwa ukutani.

Lakini mimi nasema siku zote, na ndugu zako wamechoka kunisikia: mtoto hafunzwi kula na maneno ya mzazi, hufunzwa na sinia. Kwenye sinia unauona mkono wa mwenzako. Unachota ukingoni kwako, huvuki. Mgeni akisita, unamsogezea samaki bila kumwambia kitu. Nyinyi huko Dar kila mtu na sahani yake, kila mtu na ufalme wake, kisha mnashangaa mtoto kutoona kwamba anakula na watu.

Ingawa, ngoja. Sinia lililonifunza mimi lilikuwa la barazani, la wanaume. Shangazi yako Mize na bibi yako walikula jikoni, kilichorudi na ukoko. Kila nikianza habari za sinia mbele ya Mize, husonya.

Na tena yale maneno niliyokuwa nikikwambieni, kwamba hamjui baraka imo katika sehemu gani ya chakula, hayo ni kweli, yamo katika hadithi. Lakini ipo nyingine: Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia ila chakula, akikitamani hula, asipokitaka hukiacha. Hukiacha, Salma. Miaka arobaini nimejifanya hadithi ile inaishia kati.

Sasa nikwambie la kifuu. Najua unalijua. Lisome tu.

Ilikuwa mwaka 1971, mimi nina miaka tisa. Mchele ulisita. Sababu zake wanazo wanaozijua, na wengine mpaka leo wanazisema kwa sauti ya chini. Hayo si ya barua hii. Tulikula muhogo asubuhi, muhogo adhuhuri, na jioni majimbi au ndizi mbichi za kuchemsha, yakiwapo. Kila upande unaogeukia ni mkarafuu, na karafuu hailiwi. Na sisi tulikuwa wenye nafuu. Watu wa Micheweni, kwenye ardhi yao ya mawe, waliona makubwa zaidi.

Siku moja babu yako akaja na vibaba viwili vya mchele. Alivipata wapi hakusema, na hakuna aliyeuliza. Bibi yako akaupika kwa nazi, na ng'onda, samaki mkavu, juu ya makaa. Harufu ile niliikuta njia panda nikitoka chuoni, nikakimbia. Nilichota nikala, nikachota nikala, na tonge moja nikalificha kiganjani, mkono wa kushoto, astaghfirullah. Nikaenda kulitia kwenye kifuu, kifuu nikakisukuma mvunguni mwa kitanda. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kesho ni muhogo tena, na mimi nitakuwa na wangu.

Kesho yake nikauchungulia nikaona choyo, nikasema bado. Siku ya tatu ulikuwa umeshachacha. Aliyenisema ni sisimizi, walijipanga tangu mlangoni mpaka mvunguni, bibi yako akawafuata.

Nyinyi mlimkuta kashalainika. Mimi nilisubiri ufagio. Hakuniambia neno. Alikichukua kifuu mpaka uani, akapuliza sisimizi, akatia maji akamwaga, akatia akamwaga, mara tatu, akanyunyiza chumvi. Akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akasema bismillahi, akala. Akasema alhamdulillahi. Akakiosha kifuu, akanirudishia.

Hadithi hii nimekuleeni nayo. Mkibakisha wali naanza, "Bibi yenu siku ile…" na wewe ndiye uliyekuwa ukinimalizia, kwa sauti yangu, na mikono yangu. Nilikuambieni alikula chembe moja moja, taratibu, huku akinitazama, ili nijue thamani ya chembe. Hicho ndicho anachokitaka nesi wako, ukitazama: kula taratibu, na kukijua unachokula.

Sasa sikia ambalo sijapata kulisema. Hakula taratibu. Alikula haraka, na mgongo kanipa. Chembe moja moja niliitia mimi, sijui mwaka gani, na baada ya kuisema mara nyingi nikaanza kuiona.

Idi iliyopita nilimhadithia mjukuu mmoja mbele ya Mize. Mize akasema, "Mama alikuwa na njaa, kaka. Basi." Nikamkasirikia. Nikamwambia yeye alikuwa mdogo, hakumbuki. Kweli alikuwa mdogo. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akila naye jikoni, na mimi nilikuwa barazani.

Mtu anayefunza hawezi kula haraka. Nimeligeuza hili kila upande. Labda alikula haraka kwa kuwa wali ulichacha na ladha ilikuwa mbaya. Labda alikuwa akilia hakutaka nimwone. Labda alikuwa akinifunza kweli. Na labda Mize kasema kweli, na mimi nimechukua njaa ya mama yangu nikaifanya adabu ya watoto wangu.

Kwenye ujumbe wako ulisema, "Sitaki iwe kama…" kisha ukakata ukaingiza habari za mvua. Nadhani ni lile boga. Nalikumbuka. Boga la nazi, ukasema linakuteleza kooni, nikakuweka mbele ya sahani toka magharibi mpaka baada ya isha, ukalala kwenye mkeka na boga limeganda. Mama yako alikunyanyua hakusema nami mpaka asubuhi. Wakati ule niliona nimefanya sawa. Nikiona watoto wanaotupa mkate mzima jaani, bado naona nilifanya nusu sawa. Lakini boga lile hukulipenda mpaka leo, na mimi nikilipikiwa sili kwa raha.

Kuhusu Hamad, nimemuahidi mama yako sitahukumu, na anaisoma barua hii kabla haijatoka, kwa hiyo sihukumu. Mume wako ana haki ya kutaka mwanawe ashukuru. Nesi ana haki yake. Ila nitakwambia moja, na hili si hukumu, ni hesabu: mpakulie kidogo. Akitaka, ataomba. Na ukiweza, siku moja kwa wiki, wekeni sinia chini mle wote pamoja, na wewe ukae sinia hilo hilo toka mwanzo, usibaki jikoni.

Mama yako anasema hapo nimeshahukumu. Ndiyo hivyo.

Nimempa Khamis akuletee halua, na kilo tatu za mchele mpya wa bondeni, mwekundu kidogo kama unaoujua. Ukiuosha, usizidishe mara tatu, ladha yake inakwenda na maji.

Baba yako