Kikombe nusu: maswali yenu juu ya vikundi vya kuacha pombe

Tangu niandike hapa kwamba nina miaka sita bila pombe, mmenitumia maswali mengi. Leo najibu matano yanayorudi kila mara.

Niko Kadutu, Bukavu. Nakunywa pombe ya kanyanga kila siku tangu asubuhi, nataka kuacha. Kikundi nitakipata wapi? (Baba wa watoto wanne)

Papa, anzia kwa daktari kabla ya kikundi. Mwili uliozoea pombe ya kila siku, ukikatiwa ghafula, unaweza kukuangusha. Saa chache baada ya glasi ya mwisho mikono hutetemeka na jasho hutoka. Degedege inaweza kuja ndani ya siku mbili, na kati ya siku ya pili na ya tano wengine huchanganyikiwa, wakaona wadudu ukutani ambao hawapo. Kuna waliokufa hivyo, wakijifungia nyumbani ili "waache kiume". Dawa za kutuliza hali hiyo zipo, na vitamini B1 ya kulinda ubongo, ila lazima mtu wa afya akusimamie.

Hapa Bukavu tuna SOSAME, kituo cha afya ya akili cha watawa Wakatoliki, Frères de la Charité. Najua watu wanavyosema: anayeenda kule ni kichaa. Waache waseme. Ukishatulia, muulize mwanasaikolojia wa pale: "Ni nani wanaokutana kwa ajili ya pombe?" Yeye anawajua waliotoka kabla yako. Muulize pia paroko, mchungaji, au mkuu wa shirika lenu la kanisani. Ndugu wa Goma wanaweza kuuliza kituo cha Tulizo Letu, na wa Lubumbashi kituo cha Joseph Guislain.

Usipopata kikundi, tafuta mlevi mwenzako mmoja anayetaka kuacha, mkutane. Alcooliques Anonymes, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha, walianza hivyo mwaka 1935, kule Akron, Marekani: wanaume wawili wakizungumza.

Bukavu ni ndogo. Mtu akiniona naingia kwenye kikundi, kesho soko lote la Nyawera litajua. (Mama, Ibanda)

Mama, hofu hiyo ilinichelewesha miaka miwili. Miaka hiyo yote majirani walikuwa wakinisikia usiku nikigonga mlango usio wangu. Kitu pekee walichokuwa hawajakiona ni mimi nikitafuta msaada.

Acha nikuambie siku yangu ya kwanza. Chumba nyuma ya kanisa, viti vya plastiki vimepangwa duara, simu zimezimwa. Mzee mmoja alikuwa akigawa chai kutoka kwenye termosi. Wenzangu aliwajazia vikombe. Aliponifikia, aliangalia mikono yangu, akanitilia nusu tu, akapita bila neno. Alijua kikijaa nitamwaga mbele ya watu wote. Nilishika kile kikombe kwa mikono miwili na sikufungua kinywa saa nzima, na hakuna aliyenilazimisha. Unaweza kukaa kimya hata mikutano mitano.

Tunaitana kwa jina moja tu, na yanayosemwa mle hayatoki. Anayekuona pale, naye umemwona pale. Ukiogopa bado, chagua kikundi cha komine nyingine, ambako watu hawakujui. Na ukiwa na mega za kutosha, Alcooliques Anonymes wana mikutano ya Kifaransa kwenye intaneti. Unaweza kusikiliza kamera ikiwa imefungwa. Nakuandikia hivi kwa uchungu, kwa sababu wanawake wengi wanakunywa jikoni mlango ukiwa umefungwa, na wanatufikia wakiwa wamechelewa sana.

Wanalipisha?

Hapana. Kikapu kinapita, mwenye faranga anaweka, asiye nayo anampa jirani kikapu. Ukidaiwa pesa za kuandikishwa, au za kufukuza "pepo la pombe", ondoka.

Nilikaa wiki saba bila kunywa. Juzi kwenye matanga ya mjomba nikanywa kasiksi. Naona haya kurudi. (Kijana, Panzi)

Mdogo wangu, rudi mkutano huu huu, usingoje ujisikie msafi. Sema "nilikunywa", kisha kaa. Wiki zako saba hazikupotea. Sasa unajua matanga ni hatari kwako, na hilo hukulijua mwezi uliopita.

Siku nyingine nenda mapema, toa pole, toa mchango wako, uondoke kabla giza halijaingia. Ukifika tu, omba Fanta uishike: mkono wenye glasi haupewi glasi nyingine. Na kabla ya kutoka nyumbani mpigie mwenzako wa kikundi, umwambie saa utakayompigia tena. Mimi nimefanya hivyo kwenye kilio cha baba yangu mzazi. Nilipiga simu mara nne.

Mume wangu hataki kusikia habari ya kikundi. Nimlete kwa nguvu? (Mama, Bagira)

Usimlete kwa nguvu. Ongea naye asubuhi akiwa mzima, usijaribu usiku. Na acha kumpigia mkubwa wake wa kazi kusema ana malaria. Uongo huo unampa yeye nafasi na wewe unabaki na mzigo. Kama anakupiga, toka kwanza na watoto, nenda kwa ndugu zako. Habari ya kikundi itangoja.

Kisha nenda wewe. Wake wa walevi walianzisha vikundi vyao, Al-Anon, mwaka 1951, kwa sababu wao pia walikuwa wameumia. Kwetu wanakuja wamama watatu. Mume wa mmoja wao bado anakunywa mpaka leo. Yeye mwenyewe anasema sasa analala usiku.