Mashindano ya kimataifa ya mafuta ya zeituni: anzeni na jopo, medali baadaye

Mkuu, umeuliza kwamba wewe na wenzako mmeshapata ukumbi, kuna mdhamini ameahidi, na mnataka kuanzisha mashindano ya kimataifa ya mafuta ya zeituni, sasa muanzie wapi. Mimi nilikuwa kwenye kamati iliyoanzisha moja kutoka sifuri na nimekaa nayo miaka sita, kwahiyo ngoja niandike kwa urefu, maana naona mnaongelea logo, medali na usiku wa sherehe, na huko huko ndo sisi tulianzia tukapoteza mwaka mzima.

Anzeni na waonjaji. Mwaka wa kwanza tuliita wapishi wanaojulikana na waandishi wa habari za vyakula, watu wazuri na wanaopenda kazi yao, tukawapa fomu tukasema onjeni. Kilichotokea ni kwamba mafuta machungu na yanayowasha koo yakapigwa chini karibu yote, mtu anaandika "makali mno" anapita, halafu kuna mengine laini laini hayana shida yoyote mdomoni yakawa yanaongoza. Bahati nzuri tulikuwa na mama mmoja aliyewahi kuongoza jopo la kuonja la maabara, akanusa ile glasi mara moja tu akaniita pembeni akaniambia haya yana kasoro, zeituni zilirundikwa siku kadhaa kabla ya kukamuliwa zikaanza kuchachuka, wewe huisikii hiyo harufu? Mimi nilikuwa siisikii. Na tulikuwa tunaelekea kuyapa dhahabu!

Sasa elewa ukubwa wa hiyo ishu. Kwa viwango vya Baraza la Kimataifa la Zeituni, lile lenye makao yake Madrid tangu 1959, mafuta ili yaitwe ekstra vejini, yaani daraja la juu kabisa, lazima asidi huru isizidi asilimia 0.8, kipimo cha peroksaidi (kinachoonyesha hewa imeanza kuyaharibu kiasi gani) kisizidi 20, halafu jopo liyaonje na alama ya kasoro iwe sifuri, yaani ukizipanga alama za waonjaji kutoka chini kwenda juu ile ya katikati inasoma sifuri, na harufu ya tunda iwepo. Kwahiyo mafuta yenye ile harufu hata daraja lenyewe hayafiki, achilia mbali medali. Na ule uchungu na muwasho ambao wapishi wetu waliuadhibu, kwenye fomu ya kuonja umeandikwa upande wa sifa nzuri, pamoja na harufu ya tunda. Muwasho wa koo unatokana na kitu kinaitwa oleokanthali, mwaka 2005 wanasayansi walionyesha kinafanya kazi kwa namna inayofanana na dawa ya ibuprofeni, na hicho hicho ndo kinakufanya ukohoe ukimeza mafuta mapya kabisa. Asiyefundishwa anaona ni ubaya, simlaumu, ila usimkabidhi alama.

Kwahiyo tafuteni kiongozi wa jopo kabla hamjalipia ukumbi, na yeye ndo awachague wengine. Jopo rasmi ni watu 8 mpaka 12, kila mmoja na sehemu yake amekaa peke yake, glasi ya rangi nzito ili asione mafuta ni ya kijani au ya njano (rangi haimaanishi kitu lakini jicho linadanganya sana), mafuta yamepashwa mpaka nyuzi 28 hivi, juu kuna kifuniko, hakuna manukato, hakuna sigara wala kahawa muda mfupi kabla, na maji na vipande vya tofaa vya kusafisha mdomo. Halafu piga hesabu hii ambayo sisi hatukuipiga: utaratibu wa Baraza unashauri sampuli nne kwa kikao na vikao visizidi vitatu kwa siku, yaani 12. Mkipokea sampuli 200 jopo moja linahitaji siku 17! Mashindano mengi yanapitisha zaidi ya hapo kwa siku na mimi naona ni kosa, pua ikichoka mafuta ya mwisho yanaonewa. Bora mfunge usajili mapema au muwe na majopo mawili matatu.

Anayemimina na kuweka namba za siri asiwe jaji na asikae chumba kimoja na majaji. Jaji mwenye kazi ya ushauri kwa mzalishaji aliyeingia, asionje kundi lenye mafuta ya mzalishaji huyo, na hili liandikwe kwenye kanuni msije mkabishana siku ya tukio.

Usafirishaji nao ulitutesa. Kuna boksi moja lilikaa kwenye ghala la msafirishaji karibu wiki tatu kipindi cha joto likisubiri karatasi za forodha, likafika, tukaonja, yameharibika kabisa, harufu ya njugu za zamani. Mzalishaji akaandika kwa uchungu kwamba mafuta yake yalitoka kinuni safi na ana majibu ya maabara, nikaamini anasema kweli lakini sikuwa na cha kumfanyia, chupa zote tulishafungua. Tangu hapo tunadai chupa nne za shehena moja, yaani kundi moja la mafuta yale yale, mbili hazifunguliwi zinakaa gizani kwenye ubaridi, majibu ya maabara yaje nazo, na boksi likichelewa tunamwambia mwenyewe kabla ya kuonja ili aamue kutuma jingine.

Kalenda pia. Kaskazini wanavuna kama Oktoba mpaka Desemba, kusini ya ikweta Aprili mpaka Juni. Mkifanya Machi, mafuta ya kaskazini ni mapya na ya kusini yana karibu mwaka, hapo kimataifa ni jina tu. Mashindano ya mafuta ya zeituni ya Sol d'Oro, ya Verona Italia, waliamua kuwa na toleo la peke yake la kusini, nadhani ni sahihi.

Pesa: ada za kuingia ndo zitawaendesha, na hapo hapo ndo kishawishi, kila aliyelipa anataka stika. Andikeni alama za dhahabu na fedha kabla ya chupa ya kwanza kufika. Mwaka wa tatu kundi la mafuta laini halikupata dhahabu hata moja, mdhamini akakasirika akaondoka, tukabana bajeti tukaendelea. Na stika itaje namba ya shehena, maana mliyoonja ni shehena hiyo, sio kampuni nzima.

Kitu kilichowarudisha wazalishaji kwetu ni karatasi ya maelezo, kila aliyeshindwa anaandikiwa kasoro gani imeonekana na mara nyingi inatokea wapi. Yule mwenye mafuta yaliyochachuka mwaka wa kwanza tulimwandikia. Akaacha kurundika, akahamia kreti zenye matundu, akawa anakamua siku hiyo hiyo ya kuvuna. Mwaka uliofuata akaleta tena, yule mama akayapa alama nzuri, na hakujua ni ya nani mpaka tulipofungua namba.