Muulize Shangazi: Ni misa ama ni makumbusho?

SWALI: Shangazi shikamoo. Dada yangu ni nesi huko Castlebar, Ireland, na ameniita likizo mwezi wa Julai. Ananiambia kuna abasia, yaani kanisa la watawa, karibu na yeye inaitwa Ballintubber, ati ina miaka 800 na bado watu wanasali. Mimi nimezoea parokia yetu, sasa sijui hapo naingia kama muumini ama kama mtalii, na simu naweza toa nipige picha?
Mama Shiru, Umoja

JIBU: Marahaba mwanangu. Ingia vile unaingia parokia yako, manake hiyo pia ni parokia, watu wanabatizwa hapo, wanaoana hapo (hata muigizaji Pierce Brosnan alifungia ndoa hapo 2001), na hakuna mtu atakusimamisha mlangoni akuulize tiketi ya misa.

Mfalme wa Connacht (ufalme wa zamani huko magharibi mwa Ireland), Cathal Crovdearg O'Conor, ndiye aliijengea watawa Waagustino 1216. Askari wa Cromwell, yule jemadari wa Waingereza, wakaichoma 1653, paa ikaenda, lakini waumini hawakuhama, walizidi kupiga magoti mle ndani mvua ikiwanyeshea, watoto wao hivyo hivyo, wajukuu hivyo hivyo, na pale wanapokaa waumini paa haikurudi mpaka 1966! Sisi hapa ikinyesha kidogo tu, misa ya kwanza inabaki na wanakwaya na wazee watatu wenye miavuli.

Kwa hivyo simu iache kwa mkoba mpaka baraka ya mwisho, halafu piga picha zako pole pole. Ukikuta kuna mazishi, rudi nje, usiwe yule mgeni wa kupiga selfi na jeneza nyuma yake. Sweta ubebe hata kama ni Julai.

Dada yako akikwambia mtembee kidogo na Tóchar Phádraig, muulize vizuri kwanza. Hiyo ni njia ya mahujaji inatoka hapo abasia mpaka mlima Croagh Patrick, kama kilomita 35, na mlima wenyewe ni mita 764. Jumapili ya mwisho ya Julai watu hupanda kwa maelfu, wengine miguu mitupu. Wewe vaa viatu.

Viza usidanganywe na mtu wa mjini ati ya Schengen (ile moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya) inatosha, Ireland haiko Schengen, unaomba ya kwao. Na sadaka tafuta sarafu za euro mapema, huko hakuna cha kutuma na M-Pesa.